Naomba ushauri: saa mbili za kunyonyesha, nyumbani Mbagala, kazini Posta

Habari zenu wapendwa. Nimerudi kazini juzi baada ya likizo ya uzazi ya siku 84. Mtoto nimemwacha na dada wa kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Bosi anakubali, ila anataka nizichukue mchana. Sasa mchana nifike Mbagala ninyonyeshe, nirudi Posta, kwa foleni ile? Haiwezekani. Ninachofanya ni kukamua maziwa stoo, mlango nimeuegemea kwa mgongo kwa sababu hauna komeo, na kifua kikijaa jioni blauzi inalowa nikiwa bado kwenye mwendokasi.

Ninataka kuomba nitoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Kuna aliyewahi kukubaliwa hivyo? Barua niiandikie HR au nianze na bosi mwenyewe? Na chama cha wafanyakazi kinasaidia, au kitaniharibia? Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja, unaisha karibuni, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Waliopitia haya, tafadhali nisaidieni.