Siku ya theluji Sapporo: ramen ya miso, supu kari au kondoo wa kuchoma?

Msafiri wa Pwani
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi wa Februari, wakati wa Tamasha la Theluji, nitakuwa Sapporo, kaskazini mwa Japani, pamoja na mke wangu na mama yangu mzazi. Mji huo hupata karibu mita 5 za theluji kwa msimu mmoja, hivyo tunajiandaa kwa siku ambayo itaanguka tangu asubuhi na matembezi ya mbali hayatawezekana. Siku hiyo tungependa kula chakula cha wenyeji hasa, si cha hotelini. Nimesikia sifa za ramen ya miso (tambi za supu iliyokolezwa miso, yaani rojo zito la soya iliyochachushwa), supu kari na nyama ya kondoo waiitayo jingisukan. Mama hali nguruwe, wala hawezi kutembea mwendo mrefu penye barafu. Naomba mnilinganishie.

Mwanafunzi wa Zamani
Nilisoma Sapporo, nami natetea ramen bila kusita. Tambi hizo zenye miso zilianzia mjini humo miaka ya 1950, na ukizionja wakati theluji inaanguka utaelewa kwa nini zilizaliwa huko. Mpishi hukaanga mboga na miso katika karai lenye moto mkali, kisha humimina supu ya mifupa humo humo, ndipo huweka tambi za manjano zilizojikunja ambazo hushika mchuzi vizuri. Bakuli likiletwa halitoi mvuke mwingi, na mgeni hudhani supu imepoa. Kumbe juu yake limetanda tabaka jembamba la mafuta linalofunga joto, na asiyejua huungua ulimi kwa funda la kwanza. Ukimaliza, unahisi joto hadi vidoleni.

Mpishi wa Tanga
Ndugu Mwanafunzi, umeieleza vizuri, lakini hukumjibu muulizaji. Mafuta hayo unayoyasifu kwa kawaida ni ya nguruwe, na supu yenyewe mara nyingi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, hata pale ambapo hakuna kipande cha nyama hiyo juu ya tambi. Kuondoa nyama bakulini hakumsaidii mama.

Kwangu mimi, supu kari ndiyo inayostahili siku kama hiyo. Ni mchuzi mwepesi wenye bizari nyingi, ulioanzia Sapporo miaka ya 1970. Ndani yake huwekwa paja zima la kuku lililoiva hadi nyama inaachana na mfupa kwa kijiko, pamoja na vipande vikubwa vya boga, karoti, bilinganya, pilipili hoho, na mara nyingine bamia. Mboga nyingi hukaangwa peke yake kwanza, hivyo kila moja hubaki na ladha na rangi yake badala ya kupondekea mchuzini. Wali huletwa sahani ya pembeni. Unachota kidogo kwa kijiko, unakichovya mchuzini, kisha unakula. Ukali wa pilipili unauchagua mwenyewe wakati wa kuagiza. Mtu wa pwani aliyezoea wali na mchuzi wa kuku hatajihisi mgeni, ingawa ladha ni tofauti kabisa na ya nyumbani. Hata hivyo ni lazima kuuliza, kwa sababu baadhi ya migahawa huchanganya mifupa ya nguruwe katika supu ya msingi.

Mfugaji
Msiisahau jingisukan. Hokkaido, kisiwa ulipo mji wa Sapporo, kilifuga kondoo kwa ajili ya sufu kabla nyama yao haijawa chakula maarufu, ingawa siku hizi nyama nyingi hutoka Australia na New Zealand. Kikaango chake kimeinuka katikati kama kuba: nyama huchomwa juu, mafuta yake hutiririka ukingoni na kuivisha kabichi, vitunguu na chipukizi za maharage. Mnachoma wenyewe mezani, mkikaa saa nzima mbele ya moto huku nje kukizizima, na kwa familia sioni raha inayozidi hiyo. Tahadharini na harufu ya moshi, kwani huganda kwenye makoti. Migahawa mingi hutoa mifuko ya kuyafunika.

Mpishi wa Tanga
Raha ipo, sikatai. Lakini ikiwa familia hula nyama iliyochinjwa kisharia tu, habari za kondoo nazo ni za kuulizwa sawasawa na za kuku, na baadhi ya sosi za kuchovea huwa na pombe ya mchele.

Mwanafunzi wa Zamani
Nakubali kuhusu mama. Kuhusu miguu yake, kuna njia ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 2011, inayotoka kituo cha Sapporo hadi Odori, katikati ya mji, na kutoka hapo mtaa wa maduka ulio chini kwa chini unaendelea hadi Susukino, kwenye migahawa mingi ya vyakula vyote vitatu. Mtatembea pakavu karibu mwendo wote. Ila chagueni mgahawa wenye lifti, kwa maana mingine iko ghorofani na ngazi zake ni nyembamba.

Msafiri wa Pwani
Nawashukuru sana. Mchana tutakula supu kari, baada ya kuuliza habari za supu ya msingi na za kuku. Jingisukan itakuwa ya jioni, tukipata mahali penye nyama inayomfaa mama. Ramen nitakwenda kuila peke yangu siku nyingine. Je, kwa supu kari ya mchana ni lazima kuweka nafasi mapema wakati wa tamasha, au hupanga foleni tu?