Wimbo wa matusi: kosa ni maneno, au ni pale unapoimbwa?

Mwana wa Jinja: Wadau, Septemba 2022 Bunge la Uganda lilipotaka kuzuia tamasha la Nyege Nyege hapa Jinja kwa hoja ya maadili, mama mkwe alikuwa kwangu, ametoka Mombasa. Tukapita chini ya bango. Akalisoma kwa sauti, kisha akavuta mtandio mpaka puani. Nikamweleza kwamba kwa Kiganda ni ule mwasho wa ghafla wa kutaka kucheza, si hilo analolijua yeye. Hakunijibu mpaka tunafika nyumbani. Haikuchukua muda, serikali ikaruhusu, kwa masharti.

Sasa sheria ipime nini? Ile ya kupinga ponografia ya 2014 mliiona: ilipotiwa saini tu, wahuni wakaanza kuwavua dada zetu nguo barabarani, eti wanalinda maadili. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikafuta vifungu vyake kadhaa, pamoja na ile tafsiri ya ponografia yenyewe. Mimi nasema neno halina kosa, kosa ni mahali.

Nnalongo wa Mukono: Naunga mkono. Ndugu yangu, umewahi kufika kwenye sherehe ya pacha huku Buganda? Siku ya wangu, shangazi ya mume wangu, rozari shingoni, aliimba viungo vya mwili kimoja kimoja, wazee wakimwitikia. Katekista alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Hakuna aliyeona vibaya, maana bila nyimbo zile pacha hawajapokelewa. Kesho yake shangazi huyo huyo alimchapa mjukuu kwa kulitaja jikoni neno moja tu kati ya yale.

Baba Watatu, Mbale: Nnalongo, unasifu sherehe yenye mlango. Hata sisi, msimu wa imbalu, tohara ya vijana wetu, huimbwa barabarani mambo ambayo siku nyingine ungepigwa kofi. Lakini ni mwaka wa shufwa tu, na tohara ikiisha nayo yameisha. Simu haina msimu. Juzi namfunga binti yangu kamba za viatu aende shule, ana miaka tisa, akaniimbia wimbo mzima wa video fulani, halafu akaniuliza maana ya kiitikio. Nimwambie nini?

Mwana wa Jinja: Hapo umenibana, kweli. Ila ukiipa serikali rungu, angalia anayepigwa. Mwanaharakati Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi la Facebook lililomtaja mama mzazi wa rais kwa lugha ya matusi. Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwachia. Angemtukana mama wa jirani yake, nani angemfuata?

Baba Watatu, Mbale: Huyo jirani, tena na panga. Kaka, rungu silitaki hata mimi. Wabunge wamekuja wapi hapa? Nimeuliza habari ya mtoto.

Nnalongo wa Mukono: Mpeleke kwa shangazi yake. Kazi ya ssenga, dada wa baba, ni ipi kama si hiyo? Mambo haya mtoto hafundishwi na baba, wala na mbunge.

Baba Watatu, Mbale: Shangazi yake anafanya kazi Dubai, mama. Na ile video ni yeye aliyemtumia.