Naomba ushauri: mashine ya kahawa ya nyumbani kwa ajili ya mzee, nipo Mikindani

Binti_Mikindani:
Habari za jioni wanajukwaa. Baba yangu ana miaka 74. Tangu nikiwa mdogo, akitoka msikitini alasiri alikuwa anapitia barazani, anakunywa kahawa chungu finjani tatu nne ndipo anarudi nyumbani. Mwaka huu nyonga imemzidia, hatoki tena. Namkorogea kahawa ya kopo, anainywa kwa kuniheshimu tu, namwona usoni.

Hela ya korosho imeingia, nimetenga laki nne. Kuna duka Dar wananiuzia mashine ya espresso kwa laki tatu na themanini, imeandikwa bar 15, wati 1,350. Niichukue? Umeme wetu mnaujua, maji ni ya kisima na yana chumvi. Jiko ni la gesi, mtungi mdogo.

Fundi_Chikongola:
Dada, hiyo bar 15, yaani kipimo cha mgandamizo wa maji, isikubabaishe. Espresso hutoka kwenye bar 9 hivi. 15 ni nguvu ya mwisho ya pampu, haiongezi utamu wowote. Wati 1,350 kwa volti 230 ni karibu ampea 6. Soketi nzima ya ukutani inabeba, ila usichomeke kwenye ekstensheni moja na friji. Na stebilaiza ya televisheni haiuwezi mzigo huo. Mwaka jana nimefungua mashine mbili za aina hiyo, zote sakiti imeungua, na spea hapa mjini sikupata.

Kahawa_ya_Mbinga:
Mimi ningeuliza kwanza: utasagia nini? Hapo ndipo watu wengi wanapopotezea hela. Espresso inataka unga laini uliosagwa papo hapo, kama gramu 18 kwa dozi ya watu wawili, maji yapite kwa sekunde 25 hadi 30. Unga ukiwa mnene maji yanakimbia, unapata maji ya rangi. Ukiwa laini mno, yanaziba. Kwa hiyo unahitaji kisagio cha meno unachoweza kukirekebisha, siyo kile cha visu kinachokatakata kama blenda, punje moja kubwa nyingine vumbi. Kisagio cha umeme kinachofaa espresso peke yake kinaweza kuimaliza laki nne yako.

Chukua birika la moka, lile la kuweka jikoni. Bialetti wa Italia alilitoa mwaka 1933 na mpaka leo halijabadilika sana: maji chini, unga katikati, mvuke unayasukuma maji kupanda juu. Halitumii umeme. Hela inayobaki nunua kisagio cha mkono na kahawa ya arabika ya punje nzima, isiyosagwa. Ya kwetu Mbinga inashuka na basi kupitia Songea na Tunduru mpaka huko kwenu. Ila joto na unyevu wa pwani vinaua harufu haraka, nunua robo robo, uweke kwenye kopo linalobana.

Mama_Ng'apa:
Mdogo wangu, naandika kutoka Lindi na maji yetu ni hayo hayo. Mashine yangu ya kudondosha iliganda ukoko mweupe ndani ndani, miezi minane tu ikaanza kukohoa. Tumia maji ya mvua au ya kununua. Kahawa yenyewe karibu yote ni maji, yakiwa na chumvi hakuna mashine itakayoificha.

Mzee_wa_Kilwa:
Mwanangu, pole kwa kumuuguza mzazi. Baba yako anachokililia ni kahawa ya dele, lile birika la wauza kahawa: imekaangwa ikawa nyeusi, ikatwangwa, ikachemka taratibu juu ya mkaa. Espresso utampa kitu kingine kabisa. Hilo birika walilokwambia litakuwa karibu zaidi, mradi kahawa iwe imekaangwa sana. Na finjani zile zile ndogo, usimpe kwenye kikombe cha chai.

Binti_Mikindani:
Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni wote. Mashine nimeiacha. Birika la vikombe sita, naliwekaje?

Kahawa_ya_Mbinga:
Maji yaishie chini ya kile kivalvu cha pembeni. Unga jaza, usishindilie. Moto mdogo, na likianza kukoroma zima hapo hapo, ukichelewa inaungua. Kama jiko lako vyuma vyake vimeachana, weka kisahani cha chuma lisipinduke. Kuosha ni maji matupu, usisugue na stilwaya.

Binti_Mikindani:
Narudisha mrejesho baada ya wiki mbili. Siku ya kwanza niliiunguza, moto ulikuwa mkubwa. Ya pili nikatumia maji ya mvua na kahawa nyeusi kama alivyosema mzee wa Kilwa, na kashata ya korosho pembeni. Baba akanusa kwanza, akanywa, kisha akamtuma mwanangu akamwite jirani yake wa barazani. Sasa wanakuja watatu kila alasiri, birika moja halitoshi, nachemsha mara mbili.

Fundi, ule mpira wa katikati umeanza kuvujisha mvuke. Ni wa kubadilisha?

Fundi_Chikongola:
Kaza vizuri kwanza, ufute unga uliobaki ukingoni. Ukiendelea kuvuja, badilisha. Agiza miwili kabisa, mmoja wa akiba, na upime upana kabla hujaagiza.