Metformin: waliniandikia "1×2" kwenye bahasha wakanisukumia nje

Wakuu, nina hasira leo.

Mwezi juzi nilipimwa, sukari ikakutwa juu, nikaandikiwa metformin. Kwa daktari sikumaliza dakika tatu. Dirisha la dawa: "Moja asubuhi, moja jioni. Mwingine!" Vidonge vyenyewe vya miligramu 1,000. Kesho yake nikameza na chai kavu, nikawahi kazini.

Siku ya tatu, ndani ya mwendokasi, tumbo likachafuka. Nilishuka Magomeni, si kituo changu wala sina ndugu pale. Mengine nawafichia, ila suruali ile sinayo tena. Mtu mzima wa miaka 52! Wiki nzima kuharisha, kichefuchefu, gesi, na mdomoni kama nanyonya sarafu. Hata samaki wa mama watoto alinukia bati.

Nikaacha dawa kimyakimya. Sukari ikapanda, macho yakaingia ukungu, nikarudi. Ndipo nesi mmoja wa makamo akaniuliza, "Baba, walikuanzishia ngapi?" Nilipomjibu akaguna.

Kumbe kwa kawaida mtu huanza na 500, mara moja kwa siku, pamoja na chakula, halafu hupandishwa polepole tumbo lizoee! Kumbe ipo ya kuyeyuka taratibu, ambayo wengi matumbo yao huivumilia zaidi (ganda lake mnaweza kuliona chooni, msishtuke, dawa yenyewe imeshaingia mwilini). Kumbe figo hupimwa kabla ya kuanza, maana zikiwa zimechoka sana dawa hii ni hatari. Zangu nani alizipima? Kumbe ukiitumia miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, ukapata ganzi miguuni ukadhani ni sukari tu.

Dawa hii inatumika tangu miaka ya 1950. Hakuna siri hapo, mtu kaona uvivu kufungua mdomo.

Na wale wa "achana na hospitali, chemsha mlonge", uzi huu si wenu. Dawa sina ugomvi nayo. Figo zimepimwa, ziko salama, nikaanzishwa upya na 500, sasa nameza mbili kwa siku baada ya kula na tumbo limetulia. Ugomvi wangu ni na ile bahasha.

Nyie wenzangu wa sukari, kuna aliyeelezwa haya siku ya kwanza, au wote tulijifunzia chooni?