Nimetoka kwenye bendi naanza saundi za mikutano ya makampuni, maiki za kifuani zinanitesa

besi_nzito: Wakuu habari zenu. Mimi miaka yote nimefanya saundi za bendi, sasa nimeanza kuchukua kazi za makampuni kwa kujitegemea, mikutano, uzinduzi wa bidhaa na vitu kama hivyo. Nilidhani ni mteremko kumbe wapi. Bosi anavalishwa maiki ya kifuani, anaongea kama ananong'ona, nikipandisha kidogo tu inapiga mluzi, akishuka jukwaani kuwafuata watu ndio balaa kabisa. Halafu kuna wale wanaojiunga kwa Zoom, wanalalamika wanasikia sauti zao zinawarudia. Na malipo je? Nimezoea kushika changu usiku uleule.

FundiWaNyuma: Karibu upande wa suti 😂 Maiki ya kifuani iko mbali na mdomo, ndio shida yenyewe, umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza kama desibeli 6. Kwahiyo ibane juu, kiganja kimoja chini ya kidevu, sio huko katikati ya tai. Spika zikae mbele ya pale atakaposimama. Kata kila kitu chini ya hezi 100, hotuba haina kazi nayo, halafu ukumbi ukiwa bado mtupu pandisha maiki taratibu mpaka ianze kulia, itafute hiyo frikwensi kwenye ekwalaiza uishushe, rudia mbili tatu hivi basi, ukizidisha sauti inakonda. Akishuka kwa watu mshushe kidogo mapema, usisubiri ilie. Na kama kuna watu wanne wamekaa kwenye meza ya mjadala funga maiki za wasioongea, kila idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 3 hivi kabla ya mluzi. Dawa kamili ni maiki ya shavuni ila mabosi wengi hawataki kuonekana kama walimu wa aerobiki.

waya_mrefu: Hiyo ya Zoom ni kwamba unawarudishia sauti yao wenyewe. Usiitume miksi ya ukumbini kwenye laptopu. Tumia aux ya peke yake (njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye mikisa), weka maiki zote na video, chaneli inayotoka Zoom ndio USIIWEKE humo. Na angalia maiki ya ndani ya laptopu isiwe ndio imechaguliwa, hii inakamata watu kila siku. Ikiunguruma ukichomeka chaja weka DI boksi, kile kiboksi cha katikati kinachokata muungurumo wa umeme.

mzee_wa_feda: Malipo sahau ya usiku uleule. Unatuma invoisi, siku 30 ni kawaida. Kabla ya kazi andika hata kwa imeili tu, saa ngapi mpaka saa ngapi, mazoezi ya jana yake yanalipwa au la, vyombo vya nani, wakiahirisha siku mbili kabla unapata nini. Na chukua advansi.

FundiWaNyuma: Advansi kwa kampuni kubwa mara nyingi hupati mzee, uhasibu wao hauendi hivyo. Dai LPO (oda yao rasmi ya manunuzi kwa maandishi) kabla ya kupakia vyombo, inatosha.

mzee_wa_feda: Inatosha kama vyombo ni vyako. Kama umekodi, mwenye navyo hasubiri siku 30.

besi_nzito: Nimewapata wakuu. Na bosi asipotokea saundicheki?

waya_mrefu: Hatokei huyo 😂 Msimamishe mtu wa ofisini kwao palepale jukwaani aongee chinichini, pima kwa huyo. Na maiki ya mkononi yenye betri mpya ikae kando ya jukwaa, MC aambiwe ilipo.