Parameta ya OUT inarudisha 0 kwenye skripti ya Python, ilhali ndani ya MySQL jibu ni sahihi

Muulizaji, Jinja
Ndugu zangu, ninatunza hifadhidata ya chama kidogo cha akiba na mikopo. Prosija yangu (programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya MySQL), `pata_salio`, hupokea namba ya mwanachama na kutoa salio lake kupitia parameta ya OUT, yaani ile inayobeba jibu. Nikiiita moja kwa moja ndani ya MySQL, mwanachama 118 anapata shilingi 340,000, kama daftari linavyosema. Nikiiita kwa skripti inayotumia PyMySQL, maktaba ya Python ya kuzungumza na MySQL, kila mwanachama anapata 0.

`majibu = cur.callproc('pata_salio', (118, 0))`
`print(majibu[1])`

Skripti hii ndiyo itakayotuma ujumbe wa salio siku ya Ijumaa, nami siwezi kumwambia mama anayeuza samaki kwamba akiba yake haipo.

Jibu, Mbale
Ndugu, hiyo 0 ni ile uliyoituma wewe. Weka -7 mahali pake. Ikirudi -7, basi haikutoka kwenye seva. Kiwango cha PEP 249, kinachoeleza jinsi maktaba za Python zinavyopaswa kutumia hifadhidata, kinataka callproc irudishe nakala ya parameta zikiwa na thamani mpya, na mysql-connector, maktaba nyingine ya MySQL, hufanya hivyo, lakini PyMySQL hukurudishia zile zile ulizoipa. Thamani halisi hubaki kwenye seva, katika kigeu kinachobeba jina la prosija pamoja na nafasi ya parameta, ikihesabiwa kuanzia 0:

`cur.execute('SELECT @_pata_salio_1')`
`print(cur.fetchone()[0])`

Jibu, Kampala
Kigeu hicho ni cha muunganisho ule ule uliotumika kuita prosija. Ukikisoma kupitia muunganisho mwingine utapata NULL, yaani hakuna thamani. Tena, ikiwa prosija inatoa pia safu za SELECT, zisome zote kabla ya execute inayofuata, kwa sababu execute huzitupa zilizosalia.

Muulizaji, Jinja
Ni kweli, -7 imerudi kama ilivyokwenda. Sasa 118 anapata 340,000, nami nawashukuru sana. Limebaki moja: mwanachama aliyejiunga juzi, ambaye bado hajaweka chochote, anapata None.

Jibu, Mbale
SUM, inayojumlisha kiasi, isipokuta safu yoyote hutoa NULL, na Python huisoma kama None. Andika `COALESCE(SUM(kiasi), 0)`, ambayo huweka 0 penye NULL, na uiandike ndani ya prosija badala ya skripti, ili hata programu ya karani wa dirishani ipate jibu hilo hilo.