Borani mmoja kunyonyesha ndama wawili, inawezekana?

Zizi_Kongwa
Wakuu habari za jioni, niko Kongwa nafuga Borani wachache, wale ng'ombe wa nyama. Jumamosi mmoja amekufa siku ya tatu tu baada ya kuzaa, kaacha ndama jike mchangamfu balaa, dang'a (maziwa ya kwanza) ya mama yake aliiwahi. Sasa kuna ng'ombe mwingine ana wiki moja toka azae, uzao wa tatu, kiwele kimejaa na mtoto wake hamalizi maziwa, nikasema ngoja nimpachike yatima. Kamnusa mara moja tu halafu teke, dogo kaenda kudondokea mlangoni. Hivi sasa nanunua maziwa lita tatu kila siku nampa kwa chupa, mfuko unalia. Mnafanyaje?

Layoni_Monduli
Pole mkuu. Wazee watakwambia uchune ngozi ya ndama aliyekufa umvalishe yatima, hiyo ni kwa ng'ombe aliyefiwa na ndama, wako mtoto wake yupo hai so hutamdanganya kirahisi. Ng'ombe anamjua mwanae kwa pua, akiwa ananyonyesha anageuka kunusa makalio. Mama yangu alikuwa anamkamua huyo huyo ng'ombe kidogo, yale maziwa anampaka yatima mgongoni mpaka mkiani na kunyunyizia chumvi, ng'ombe akishaanza kulamba umemaliza nusu ya kazi.

Halafu usiwaachie nae kutwa. Ndama wote wawili walale banda moja wachanganye harufu, unawaleta kwa mama asubuhi, mchana na jioni wakiwa na njaa. Mama mfunge kichwa na miguu ya nyuma kwa kamba, mtoto wake aanze ubavuni, yatima mpitishe nyuma katikati ya miguu anyonye kwa wizi. Huko nyuma hanuswi.

kijana_wa_mnadani
Mnajitesa bure, mpe jirani mwenye ng'ombe wa maziwa mgawane baadae.

Zizi_Kongwa
@kijana_wa_mnadani jike la Borani hilo boss, ningekuwa na dume ningeshakusikiliza 😂

Daktari_wa_Ngombe
Layoni kasema vizuri, naongeza upande wa tumbo. Borani sio Friziani wa maziwa, maziwa yake yanamtosha ndama mmoja, wa pili unamlisha wewe kupitia kwa mama. Asubuhi na jioni wakati wa kunyonyesha mwekee ndoo ya pumba na mashudu ya alizeti, huko kwenu yapo ya kutosha, afu na chumvi ya kulamba, na maji asikose hata saa moja. Ile ndoo ina kazi mbili, inaleta maziwa na inamfanya asahau kurusha miguu. Chupa ya jioni usiikate kwa mkupuo, punguza ukiona yatima anaacha chuchu mwenyewe, akiwa anagonga gonga kiwele na mbavu zinahesabika ujue hapati kitu. Muangalie na mama, akianza kuchongoka nyonga atachelewa sana kurudi kwenye joto (kutaka dume), hapo utapata ndama mmoja wa bure na kupoteza wa mwakani. Mimi ningewaachisha mapema, miezi minne hivi wakiwa wameshazoea majani na pumba, nisingesubiri saba.

Zizi_Kongwa
Mrejesho siku ya sita. Leo asubuhi mama kaingiza kichwa kwenye ndoo ya mashudu, yatima kapita nyuma kama alivyosema Layoni, mkia unacheza na povu mdomoni, mama kageuka na pumba puani kamnusa, nikashika fimbo, akarudi kula zake. Miguu nilikuwa sijamfunga! Ila dogo akimfuata peke yake bado anakula teke. Nimewaza niwafunge shingo hao ndama pamoja kwa kamba fupi ili wawe wanakwenda wote.

Layoni_Monduli
Inasaidia, ila weka mikanda mipana na katikati pete inayozunguka, kamba tupu itajisokota usiku uwakute wamejinyonga. Na wafungue wakienda kulala.

Zizi_Kongwa
Sawa mkuu, kesho napita kwa fundi viatu.